Maswali ya Wasomaji: Kufungasha Programu za Hisabati kwa Debian

Barua za mara hii zimetoka kwa watu waliokwisha kuvuka hatua ya kwanza. Wanafungasha programu za Debian, mfumo wa kompyuta wa familia ya Linux: wanajua folda ya debian/ ina nini, wameshaandika control (maelezo ya kifurushi) na rules (hatua za kukijenga), na amri ya dpkg-buildpackage inawatolea faili la .deb, yaani kifurushi chenyewe, bila kunung'unika. Kinachowasumbua ni jibu linalotoka kifurushi kinapofika kwenye mashine ambayo hawajawahi kuigusa.

Ndugu wahariri, nafungasha maktaba ndogo ya C inayotafuta mizizi ya polinomia. Kwenye amd64 (prosesa za kawaida za Intel na AMD) majaribio yote yanapita. Kwenye arm64, ppc64el na s390x, ambazo ni prosesa za familia nyingine, yanaanguka matatu, na moja kati ya hayo linatoa NaN ("si namba"). Msimbo ni uleule, kompaila ni ileile. Je, nipanue tu kiwango cha kosa kinachokubalika niendelee na safari?

Usipanue kitu kwanza. NaN haiponi kwa kupanuliwa nafasi, maana NaN hailingani na namba yoyote, hata yenyewe.

Mshukiwa wa kwanza ni FMA, agizo la prosesa linalozidisha na kujumlisha kwa mpigo mmoja. GCC, yaani kompaila, ikiachwa na desturi yake ina ruhusa ya kugeuza a*b + c kuwa agizo hilo popote prosesa inapokuwa nalo. Mashine zako tatu zinalo tangu kiwango cha chini ambacho Debian inakubali. amd64 ya Debian hujengwa kwa kiwango cha kale cha x86-64, chenye maagizo ya SSE2 lakini kisicho na FMA. Kwa hiyo kwenye amd64 zao la a*b hukadiriwa kwanza, kisha jumla nayo hukadiriwa. Huko kwingine makadirio hufanyika mara moja tu, mwishoni. Mara moja ni sahihi kuliko mara mbili, hilo halina ubishi. Lakini tazama mistari hii miwili:

    double d = x*x - y*y;
    double r = sqrt(d);

Tuseme x na y zote ni 0.1, zimesomwa kwenye faili wakati programu inaendeshwa. Kwenye amd64 kila zao linakadiriwa kuwa 0.010000000000000002, tofauti yake ni 0, na kipeuo ni 0. Kwenye arm64 kompaila inaweza kukadiria y*y peke yake na kuiacha x*x ikiwa kamili ndani ya FMA. Hapo d inakuwa takriban -8.3e-19. Ni namba ndogo mno, lakini ni hasi, na kipeuo cha pili cha namba hasi ni NaN. Ikishaingia kwenye mzunguko wa kutafuta mizizi, haitoki.

Ili kuthibitisha, weka mstari huu kwenye debian/rules ujenge upya:

    export DEB_CFLAGS_MAINT_APPEND = -ffp-contract=off

Kwa C++ ni DEB_CXXFLAGS_MAINT_APPEND. Jaribio likipita, mwizi umemshika. Ila sisi hatungeuacha mstari huo ukae hapo milele, kwa sababu unaondoa FMA kwenye maktaba nzima ili kuokoa sehemu moja. Dawa yenyewe ni kiraka, faili dogo la marekebisho ya msimbo, kinachoandika (x-y)*(x+y). x ikilingana na y, jibu ni 0 kamili kwenye mashine yoyote, na zikikaribiana hupotezi tarakimu nyingi kama mwanzo. Kiweke debian/patches, kitaje kwenye faili la series, na kiwatumie waandishi wa programu. Hitilafu ni yao, wewe umeiona kwanza tu.

Majaribio mawili yaliyobaki huenda yakawa na kosa la aina nyingine. Angalia kiwango kilivyoandikwa. Ukikuta fabs(a-b) < 1e-15 wakati majibu yako karibu na 1000, jaribio hilo linadai biti zote zifanane, kwa sababu hapo umbali kati ya namba moja ya double (desimali ya biti 64) na inayofuata ni takriban 1.1e-13. Pima kosa kwa uwiano, kwa mfano 1e-12 * fabs(b), na ueleze sababu kwenye kichwa cha kiraka. Hapo kupanua ni halali.

Kama FMA haina hatia, endelea na hawa: aina ya char haina alama ya hasi kwenye mashine zako zote tatu, lakini kwenye amd64 inayo, long double ni ya biti 80 kwenye amd64 na biti 128 kwenye arm64, na s390x hupanga baiti kuanzia ile nzito, hivyo faili la data lililoandikwa kwenye amd64 na kusomwa kibaiti litatoa upuuzi. Jaribio likianguka kwenye s390x pekee, anzia hapo.

Waandishi wa programu ninayoifungasha wanasema tutumie nakala ya OpenBLAS, maktaba ya hesabu za matriki, iliyomo ndani ya furushi lao, na Makefile yao ina -march=native. Kwangu inakwenda kasi ajabu. Rafiki yangu akiisakinisha inakufa papo hapo na maneno "Illegal instruction".

Kasi na kifo hapo vina baba mmoja. -march=native huiambia kompaila itumie kila agizo la prosesa iliyopo mbele yake. Kifurushi kikijengwa kwenye mashine yenye maagizo ya AVX-512, kitakufa kwenye mashine isiyo nayo. Ondoa neno hilo kwa kiraka, na wala usilibadilishe kwa -mavx2. Hiyo ni kupunguza tu idadi ya watakaoumia.

Kuhusu BLAS, seti ya kazi za kawaida za matriki ambayo OpenBLAS ni utekelezaji wake mmoja, Debian ina utaratibu wake, na ni mzuri kuliko ule wa waandishi wako. Kwenye Build-Depends, orodha ya vinavyohitajika kujenga, weka libblas-dev na liblapack-dev (LAPACK hujengwa juu ya BLAS), uunganishe kwa -llapack -lblas. Kifurushi chako kitaandikiwa kutegemea libblas3 | libblas.so.3, maana yake utekelezaji wowote wa BLAS unatosha. Mtumiaji ndiye anayechagua:

    update-alternatives --config libblas.so.3-x86_64-linux-gnu

Kuna amri kama hiyo kwa liblapack.so.3. Akisakinisha libopenblas0 anapata kasi bila wewe kujenga upya chochote, kwa sababu OpenBLAS ya Debian hubeba matoleo mengi ya kila fomula na kuchagua linaloifaa prosesa wakati wa kuendeshwa. Baada ya kujenga, hakikisha kwa ldd, amri inayoorodhesha maktaba zinazohitajika, kwamba programu inaelekea libblas.so.3. Ukiona libopenblas.so.0, bado kuna -lopenblas mahali fulani, mara nyingi kwenye faili la CMake (mfumo wa kujengea) ambalo hukulisoma hadi mwisho. Tunaikubali -lopenblas kwa sharti moja tu: programu iwe inaita kitu ambacho BLAS ya kawaida haina, kama openblas_set_num_threads.

Wakati wa majaribio weka OPENBLAS_NUM_THREADS=1 na OMP_NUM_THREADS=1. Nyuzi zikiwa nyingi, mpangilio wa kujumlisha hubadilika na tarakimu za mwisho hubadilika nao; leo jaribio linapita, kesho linaanguka, na utamaliza wiki ukitafuta mchawi.

Tahadhari nyingine kwa wenye matriki kubwa. BLAS ya kawaida hutumia namba kamili za biti 32, zenye kikomo cha 2147483647. Matriki ya 46341 kwa 46341 ina viingizo 2147488281, tayari imepita, japo kumbukumbu inayohitaji kwa double ni gigabaiti 17 na ushei tu, ambazo mashine nyingi za utafiti zinazo. Msimbo wako ukihesabu n*n kwa int, namba inaweza kugeuka hasi kimyakimya. Kwa kazi hizo kuna libblas64-dev na liblapack64-dev, lakini usichanganye za biti 64 na za biti 32 ndani ya programu moja.

Furushi la chanzo lina folda ya third_party yenye maktaba za GMP na MPFR, na faili kadhaa za zamani za Fortran zisizo na leseni inayoeleweka. Nizifute kwa mkono?

Kwa mkono hapana, kwa sababu toleo lijalo utasahau moja. Ziorodheshe kwenye debian/copyright, juu kabisa, chini ya Format:

    Files-Excluded: third_party/gmp third_party/mpfr third_party/old

Kisha uscan, chombo cha kufuatilia matoleo mapya, itapakua furushi na kulifunga upya bila hizo. Ukiondoa nakala za maktaba ambazo Debian inazo tayari, toleo lipewe kiambishi +ds. Ukiondoa kitu kisicho huru, +dfsg. Weka repacksuffix na dversionmangle kwenye debian/watch, la sivyo uscan itadhani kila siku kwamba kuna toleo jipya.

Hizo faili za Fortran zisome mstari kwa mstari. Programu za hisabati zina ugonjwa wake wa kurithi: mtu alinakili fomula miaka mingi iliyopita, na leseni ikabaki nyuma. Msimbo wa kitabu cha Numerical Recipes hauruhusiwi kusambazwa huru. Algoriti nyingi zilizochapishwa na ACM (chama cha wanakompyuta) zina leseni inayozuia matumizi ya kibiashara, kwa hiyo haziingii kwenye sehemu kuu ya Debian. METIS, maktaba ya kugawa grafu, tangu 5.0.3 iko chini ya Apache 2.0, sawa, lakini programu yako ikiwa GPL toleo la 2 pekee, hizo mbili haziunganishwi. Na ParMETIS, ndugu yake wa prosesa nyingi, bado si huru. Hapa hakuna ujanja. Ama waandishi wabadilishe sehemu hiyo kwa msimbo huru, ama uiondoe na uzime kipengele kinachoitegemea.

Angalia pia CMake isije ikawa na FetchContent au ExternalProject, ambazo hupakua msimbo wakati wa kujenga. Ujenzi wa kifurushi hauruhusiwi kugusa mtandao. Kwako hutaona kosa, maana intaneti ipo. Jenga ndani ya sbuild, mazingira safi ya kujengea, uliyoifungia mtandao, utaona.

Majaribio yetu kamili huchukua saa 9. Naruhusiwa kuyazima?

Yagawe. Yale ya dakika chache yaendeshwe wakati wa kujenga, na marefu yapelekwe debian/tests yaendeshwe na autopkgtest juu ya kifurushi kilichokwisha kusakinishwa. Ukiandika override_dh_auto_test, heshimu nocheck (ombi la kuruka majaribio) iliyomo kwenye DEB_BUILD_OPTIONS. Na jaribio refu liandike japo nukta moja kila baada ya dakika kadhaa, kwa sababu mashine za kujengea hukatisha kazi iliyokaa kimya muda mrefu.

Programu yangu ilikuwa ikiunganishwa na maktaba ya Arb. Sasa kiunganishi kinasema "cannot find -larb". Pia mimi mwenyewe natunza maktaba. Nitajuaje kwamba toleo jipya litavunja vifurushi vya wenzangu?

Arb haijapotea, imehama. Maktaba ya FLINT 3.0, iliyotoka 2023, iliimeza Arb pamoja na Antic na Calcium. Futa -larb ubakize -lflint, na mahali penye #include <arb.h> andika #include <flint/arb.h>. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Kwa maktaba yako, linganisha SONAME, jina lenye namba ya toleo, la zamani na jipya:

    objdump -p libmfano.so.3 | grep SONAME

Namba ikibadilika, jina la kifurushi hubadilika nayo, kutoka libmfano3 kwenda libmfano4. Jina jipya husubiri kukaguliwa kabla ya kuingia kwenye hifadhi, kisha kila kinachoitegemea hujengwa upya. Anzia experimental, tawi la majaribio la Debian, jenga vifurushi vyote vinavyoitegemea kwako mwenyewe, na ndipo uombe nafasi kwa timu ya matoleo.

La hatari ni namba isiyobadilika ilhali maktaba imebadilika. Maktaba za hisabati hupenda kuweka miundo yake wazi kwenye faili la .h ili kasi ipatikane. Mwandishi akiongeza uga mmoja katikati ya struct, majina ya kazi zote yanabaki vilevile na dpkg-gensymbols haisemi kitu, kwani huyo hutazama majina tu. Programu iliyojengwa jana itasoma baiti zisizo zake, na si lazima ianguke. Inaweza kukupa jibu la matriki lisilo sahihi kwa utulivu kabisa. Abidiff, iliyomo kwenye kifurushi cha abigail-tools, husoma taarifa za utatuzi na kukuonyesha uga uliosogea. Tunaiendesha kila toleo, hata waandishi wanapoapa kwamba hawajagusa kitu.

Fortran ya zamani inakataa kujengeka tangu GCC 10: "Type mismatch between actual argument".

Kabla ya GCC 10 msimbo huo ulijengeka, sasa ni kosa. Msimbo unaopitisha safu ya real sehemu moja na ya integer sehemu nyingine kwa kazi ileile ndio unaokamatwa. Programu za MPI (zinazogawa kazi kwa prosesa nyingi) zimejaa mtindo huo. Kwa muda, weka -fallow-argument-mismatch kwenye DEB_FFLAGS_MAINT_APPEND na DEB_FCFLAGS_MAINT_APPEND, vyote viwili, kwa kuwa baadhi ya mifumo ya kujengea husoma kimoja na mingine husoma kingine. Kabla ya kuiacha hapo, pitia maonyo yatakayobaki moja baada ya jingine. Mengi hayana madhara, lakini palipo na double upande mmoja na real upande wa pili, programu imekuwa ikikokotoa makosa miaka yote hiyo na kompaila ndiyo kwanza imefungua mdomo.