"Mama, Mlango Umeenda Mbali": Mtoto Anapoona Mauzauza Kabla ya Kulala

Binti yangu alikuwa na miaka saba aliponiambia kichwa changu kimekuwa kidogo. Nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda chake, taa nimeipunguza, namfunika shuka. Akanitazama, akainua mkono, akasogeza kidole gumba na cha shahada mpaka pakabaki upenyo wa kutosha kifungo cha shati. "Mama, kichwa chako kiko hivi." Nikamwambia afumbe macho alale.

Usiku uliofuata mlango ulikuwa umeenda mbali. Wa tatu, ukuta ulikuwa unamjia. Nikaona ananichezea, anatafuta kisingizio cha kuchelewa kulala, nikamkemea. Najuta hadi leo, kwa sababu baada ya hapo alinyamaza kabisa. Wiki kadhaa zikapita, nikaingia chumbani kwake nikamkuta ameyabana macho, ameshikilia ubao wa kitanda kwa mikono miwili. Nikamuuliza ana nini. "Nasubiri vitu virudi."

Hapo ndipo nilipokumbuka ya kwangu. Nikiwa na umri kama wake, kuna usiku vidole vyangu vilinenepa vikawa kama mito, na sauti ya mama kutoka chumba cha pili ikawa kama inatoka ndani ya shimo refu. Sikumwambia mtu. Mwanzoni nilidhani kila mtu huona hivyo, baadaye nikadhani ni mimi peke yangu, na yote mawili yalinifunga mdomo.

Madaktari wanaijua hali hii. Mwaka 1955 daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, John Todd, aliieleza na kuipa jina la Alice, yule msichana wa hadithini anayerefuka na kusinyaa. Vitu huonekana vidogo mno au vikubwa mno, vimesogea karibu au vimekwenda mbali. Wengine huhisi mwili wao wenyewe ndio unaobadilika, au muda unakwenda mbio. Huwapata zaidi watoto, na mara nyingi hudumu dakika chache, kisha hupita. Mtoto yuko macho, anaongea na wewe vizuri, na kwa kawaida anajua kwamba mlango haujaondoka kweli.

Nilianza kwa kumpeleka kupimwa macho, nayo yakaonekana mazima. Tatizo haliko kwenye jicho, liko kwenye namna ubongo unavyokadiria ukubwa na umbali. Mara nyingi huenda pamoja na kipandauso, wakati mwingine hata kabla mtoto hajaanza kuumwa kichwa, au na homa na maambukizi ya virusi. Daktari aliponiuliza kama kuna mwenye kipandauso katika familia, nilijinyooshea kidole. Ninacho tangu ujana, na sikuwahi kukihusisha na vile vidole vya utotoni.

Kumweleza mtoto wa miaka saba habari za ubongo si rahisi. Nilichofanya ni kumwambia afumbe jicho moja, anyooshe mkono, aufunike mlango mzima kwa kidole gumba. Ukafunikika. "Je, kidole chako kimekuwa kikubwa kuliko mlango?" Akacheka, akasema hapana, ni kwa sababu mlango uko kule. Basi nikamwambia, kichwa chako ndicho kinachopiga hesabu hiyo siku nzima bila kukuambia, na ukiwa umechoka kinakosea kidogo. Aliirudia mara kadhaa, mlango, dirisha, uso wangu. Nadhani maelezo hayo yalimsaidia kuliko lolote nililowahi kumwambia.

Usiku wenyewe, tunawasha taa. Anashika kitu anachokijua kwa mkono, kwa kawaida mkono wangu, kwa sababu mara nyingi vidole vinamwambia ukubwa wa kweli hata macho yanapomdanganya. Anakaa kitako badala ya kubaki amelala chali. Mimi siongei sana. Nikiwa na wasiwasi anausikia kwenye sauti yangu, kwa hiyo nauliza tu, "Kimeenda wapi leo?" na kumsikiliza. Simwambii "hakuna kitu", maana kwake kipo.

Nina daftari pia. Naandika tarehe, muda uliochukua, kama alikuwa na homa, kama kichwa kilimuuma, kama alilala vya kutosha jana yake. Kwake yeye nimeona wazi kwamba siku za uchovu na za kuruka mlo ndizo mbaya zaidi.

Usiichanganye na mambo mengine ya usiku. Madoa ya rangi anayoyaona mtoto akijisugua macho ni ya kawaida. Sura na picha zinazopita pale usingizi unapoingia nazo huwapata watu wengi wazima kabisa. Mtoto anayeketi ghafla usiku akipiga mayowe, hakutambui, na asubuhi hakumbuki chochote, huyo yuko usingizini na hilo ni jambo jingine.

Mpeleke kwa daktari mara ya kwanza hali hii inapotokea, hata kama imeshapita, kwa sababu si kazi ya mzazi kuamua chanzo chake. Ila usisubiri hata kidogo kama anapoteza fahamu, anakakamaa au kutikisika, anakodoa macho bila kuitika, upande mmoja wa mwili unalegea, shingo imekaza akiwa na homa, au anaamka na maumivu ya kichwa na kutapika. Mauzauza yanaweza pia kuja na kifafa. Kama ameanza dawa yoyote hivi karibuni, ibebe uionyeshe.

Na mkifika huko, mwache mtoto aongee mwenyewe. Mimi nilianza kueleza kwa niaba ya binti yangu, daktari akaninyamazisha kwa upole na kumgeukia yeye. Binti yangu akainua vidole viwili, akaonyesha kichwa changu kilikuwa kikubwa kiasi gani.