Maswali ya Wasomaji: Kuupima Uwanja wa Gofu ya Kisahani Bustanini

SWALI: Ndugu Mhariri, katika bustani ya umma tunayoitumia pamewekwa uwanja wa gofu ya kisahani (mchezo wa kurusha kisahani hadi kitulie kikapuni kwa mirusho michache iwezekanavyo) wenye vikapu 18, na kamati inayoisimamia bustani hiyo imewaomba wachezaji waandike tathmini ya uwanja kabla haujafanyiwa marekebisho. Mimi nimeucheza kwa miezi kadhaa, lakini sina ujuzi mkubwa. Rafiki yangu mmoja anashikilia kwamba uwanja mzuri ni ule mrefu na mgumu, na mwingine anasema uwanja mzuri ni ule anaopata alama nzuri. Nianzie wapi ili niandike jambo la maana?

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki zako wote wawili wanapima mikono yao. Alama za siku moja hutegemea upepo, uchovu na bahati, na urefu unaweza kuongezwa na yeyote aliye na nafasi ya kusogeza kikapu nyuma. Uwanja hupimwa kwa kile unachomtaka mchezaji akifanye katika kila mrusho, na kwa namna unavyomlipa anapokifanya vizuri. Kwa kuwa wa kwenu umo ndani ya bustani ya umma, kuna kipimo kinachotangulia hicho, nacho ni usalama wa mtu asiyecheza: anayepita kwa miguu, anayesukuma kigari cha mtoto, aliyejilaza kwenye nyasi akisoma. Mtu huyo hajakubali kushiriki katika mchezo wenu, na pengine hata hajui kwamba ile nguzo yenye minyororo ni shabaha.

Mchezo wenyewe umekulia bustanini tangu mwanzo. Ed Headrick, aliyefanya kazi katika kampuni ya Wham-O iliyokuwa ikitengeneza visahani vya Frisbee, ndiye aliyesanifu uwanja wa kwanza wa kudumu, katika bustani ya Oak Grove huko California, mwaka 1975. Shabaha za mwanzo pale zilikuwa nguzo tupu, na ubishi ulikuwa mwingi kuhusu kama kisahani kimeigusa nguzo au kimepita kando yake. Kikapu chenye minyororo, ambacho Headrick alipewa hataza yake mwaka 1977, kiliumaliza ubishi huo, kwa sababu kisahani kilichotulia ndani ya beseni au kilichoning'inia katika minyororo kinaonekana na kila mtu. Leo kuna viwanja zaidi ya 10,000 duniani, na vingi kati yake vimo katika maeneo ya wazi ya umma, vikigombea nafasi na watembeaji, mbwa na watoto. Ndiyo maana tathmini kama yenu ina uzito kuliko mnavyodhani.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba, kabla hujauandikia uwanja chochote, uuzunguke bila kisahani mkononi, na uuzunguke kinyumenyume, yaani kila shimo (sehemu ya uwanja kuanzia kituo cha kurushia hadi kikapu chake) ulianzie kikapuni na kulimalizia kwenye kituo cha kurushia. Ukitembea hivyo utayaona mambo ambayo mrushaji hayaoni, kwa kuwa macho yake siku zote yako mbele. Tazama mashina ya miti upande unaoelekea kituo. Gome lililochubuka kwenye usawa wa kifua, kovu jipya juu ya kovu la zamani, linakuonyesha visahani vinapita wapi hasa, tofauti na mshale uliochorwa kwenye kibao. Ukikuta makovu kama hayo kwenye mti ulio kando ya njia ya watembeao kwa miguu, au mikwaruzo ya plastiki mgongoni mwa benchi, huna haja ya kubishana na mtu yeyote kuhusu usalama wa shimo hilo. Piga picha, andika namba ya shimo, endelea.

Baada ya hapo ndipo ucheze, na uucheze uwanja zaidi ya mara moja, katika siku yenye upepo na siku tulivu, ikiwezekana pamoja na mtu anayerusha mbali kuliko wewe na mwingine anayeanza. Mchezaji stadi huweza kuvuka mita 100 kwa mrusho mmoja, ilhali anayeanza mara nyingi haifikishi mita 60. Shimo la mita 90 lililo wazi ni mrusho mmoja na mrusho wa kumalizia kwa yule wa kwanza, na ni matembezi ya kuchosha kwa huyu wa pili. Uwanja wa umma ambao una kituo kimoja tu cha kurushia kwa kila shimo unakuwa umemchagua mmoja wao na kumwacha mwenzake. Dawa yake si ghali, kwani kituo cha pili kilichosogezwa karibu, hata kama ni ardhi iliyosawazishwa tu na kuwekewa alama, humpa anayeanza mchezo wake mwenyewe bila kumharibia stadi wake.

Angalia pia uwanja unapendelea mkono gani. Mchezaji wa mkono wa kulia anayerusha kwa kuvuta mkono kutoka upande wa pili wa kifua hukizungusha kisahani kwa mwelekeo wa mishale ya saa, kikitazamwa kutoka juu, nacho kikipoteza mwendo huangukia kushoto. Anayerusha kwa mkono huohuo wa kulia, lakini kiganja kikiwa mbele, hupata kinyume chake, na watumiao mkono wa kushoto huwa kama kioo cha hao. Basi hesabu mashimo yanayopinda kushoto na yanayopinda kulia. Ikiwa mengi mno yanapinda upande mmoja, uwanja unauliza swali lilelile tena na tena, na mchezaji mwenye mrusho mmoja tu hurudi nyumbani akijiona bingwa.

Mengine yaandike kwa ufupi: kama kituo cha kurushia ni tambarare na hakitelezi mvua inaponyesha, kama kibao kina namba, urefu na mahali kikapu kilipo, kama mgeni anaweza kulipata shimo linalofuata bila kuuliza. Kwenye vituo vya saruji kagua ukingo wa mbele, ambapo mguu wa mrushaji humalizia. Udongo ukishaondoka pale na kuacha kidaraja cha kimo cha vidole viwili, kifundo cha mguu cha mtu kitateguka siku moja.

SWALI: Shimo moja katika uwanja wetu linapita katikati ya miti iliyosongamana sana. Wapo wanaosema ndilo shimo bora zaidi kwa sababu ni gumu, lakini mimi naona stadi na anayeanza wote wanapata alama mbaya pale, na mara nyingine anayeanza anampita stadi. Je, ugumu huo ni wa haki?

JIBU: Umeshajijibu nusu ya swali bila kujua. Shimo gumu la haki huwatenganisha wachezaji kwa kadiri ya ustadi wao, kwa hiyo wale wanaorusha vizuri huvuna mara nyingi na wale wanaokosea hulipia makosa yao. Shimo linalotoa alama zilezile kwa kila mtu, ziwe nzuri au mbaya, halipimi chochote, na shimo linalompa anayeanza ushindi dhidi ya stadi mara kwa mara linagawa zawadi kwa bahati nasibu. Njia ya kulijua hili ni rahisi. Waombe wenzako wakuachie alama zao za shimo hilo kwa muda, kisha uzipange kwa kufuata uwezo wa wachezaji. Zikionekana kuchanganyika ovyo, una ushahidi.

Lakini usikimbilie kuomba miti ikatwe. Simama kwenye kituo cha kurushia na utafute njia halisi, yaani pengo ambalo mrushaji mwenye uwezo wa wastani anaweza kulilenga na kulipita mara nyingi akirusha sawasawa. Pengo hilo likiwepo, hata kama ni jembamba na lina kona, shimo lina swali na lina jibu, na lawama ni za mikono yenu. Lisipokuwepo, na kila anayefika kikapuni akawa amefika kwa kisahani kugonga shina na kurukia upande uliomfaa, basi shimo lina kasoro. Mara nyingi kasoro hiyo huondoka kwa kusogeza kituo hatua chache kushoto au kulia, au kwa kupogoa matawi ya chini, bila mti hata mmoja kuangushwa. Kwa maoni yangu miti ndiyo mali kubwa ya uwanja wa bustani, kwani uwanja wa wazi mtupu hupima nguvu za mkono tu, na nguvu ndizo sehemu isiyovutia sana ya mchezo huu.

Kuhusu hesabu tarajiwa iliyoandikwa kibaoni, usiichukulie kuwa kipimo chako. Shirika la kitaalamu la mchezo huu, PDGA, lililoanzishwa mwaka 1976, huieleza kuwa ni idadi ya mirusho ambayo mchezaji bingwa anatarajiwa kuitumia akicheza bila kosa katika hali ya kawaida ya hewa. Kibao kikisema 3 nanyi mkipata 5, huenda kibao kinasema kweli kabisa.

SWALI: Njia ya watembeao inakatiza mbele ya vikapu viwili. Wachezaji wametangaza kwamba njia hiyo ni nje ya mpaka na wanaona suala limekwisha. Limekwisha kweli?

JIBU: Halijakwisha, na hili ndilo ningependa liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa tathmini yenu. Mstari wa nje ya mpaka ni adhabu ya mchezaji: kisahani kikitulia upande wa pili, huongezewa mrusho mmoja na, kwa kawaida, huendelea kutoka pale kilipovukia, akiwa ameruhusiwa kuingia ndani hadi mita moja kutoka kwenye mstari. Adhabu hiyo huja baada ya kisahani kutua. Kisahani chenye uzito wa gramu 170 na ukingo mgumu hakisimami hewani kwa sababu mtu fulani ameandika kwamba njia hairuhusiwi, na mtembeaji aliyegongwa hafarijiki kusikia kwamba aliyemgonga ameongezewa mrusho mmoja.

Kanuni za PDGA zinamkataza mchezaji kurusha mpaka awe na hakika kwamba kisahani hakitamjeruhi mtu yeyote aliyepo, na kanuni hiyo haimpi mchezaji haki ya kumhimiza mtembeaji apite upesi. Mwenye njia anapita kwa mwendo wake, nanyi mnasubiri. Lakini uwanja unaotegemea subira pekee umesanifiwa vibaya, kwa sababu subira hupungua kadiri kundi la nyuma linavyokaribia. Dawa ya kudumu ni kugeuza mwelekeo wa mrusho ili njia iwe nyuma ya mrushaji au mbali kando yake. Pale isipowezekana, wasanifu huchagua mti wa lazima, ambao kisahani hakina budi kuupita kwa upande uliotajwa, na anayekosea huadhibiwa mrusho mmoja na kwenda kurushia mahali palipotengwa. Mti huo hufanya kazi nzuri zaidi ukiwa karibu na kituo cha kurushia, kwa kuwa hapo humlazimisha mrushaji abadili lengo lake kabla hajarusha, ilhali ukiwa mbali hubaki kuwa mstari mwingine wa kubishania. Msisahau pia njia inayojificha nyuma ya kichaka au ukingo wa kilima, kwa maana mrusho usioona unakoangukia ni hatari kuliko ule unaoiona njia wazi, hata kama watu wanaopita hapo ni wachache.

Ikiwa vikapu hivyo viwili haviwezi kugeuzwa wala kuhamishwa, pendekezeni viondolewe. Uwanja wa mashimo 16 ulio salama ni uwanja mzuri, na hakuna sheria ya maumbile inayodai 18.

SWALI: Nibebe visahani vingapi ninapokwenda kufanya tathmini? Wenzangu wana mikoba yenye visahani zaidi ya ishirini.

JIBU: Vitatu vinatosha: kimoja cha kurushia mbali, kimoja cha umbali wa kati, na kimoja cha kumalizia. Ukiwa na visahani vingi utajikuta unatafuta kisahani cha kulitatua shimo badala ya kulitazama shimo lenyewe, na ripoti yako itakuwa ya mkoba wako. Kile cha kumalizia kitumie pia kukagua vikapu. Simama ndani ya mita 10 kutoka kikapuni, rusha kwa nguvu ya wastani katikati ya minyororo, kisha kushoto, kisha kulia. Minyororo ikiwa imekatika au imejikunja juu ya mingine, kisahani kitapenya hadi upande wa pili, na hilo litajirudia mahali palepale. Tikisa nguzo uone kama inacheza mahali iliposimikwa ardhini. Halafu itazame ardhi kuzunguka kikapu, ambako kila mchezaji husimama: nyasi zikiwa zimekwisha na mizizi imejitokeza, iombeni kamati iandae mahali pa pili pa kusimika nguzo umbali mfupi kutoka hapo, ili kikapu kihamishwe kwa zamu na udongo ule upate kupumzika.