Menyu ya kuchagua Ubuntu au Windows imepotea baada ya sasisho: usikubali kufomati kabla ya kuangalia haya

Ndugu yangu wa Nachingwea, umeeleza kwamba kompyuta mpakato yako ilikuwa na mifumo endeshi miwili, Windows na Ubuntu (aina ya Linux), ukaiacha ikijisasisha usiku, na asubuhi ikaingia moja kwa moja kwenye Windows bila kukuonyesha menyu ya kuchagua. Umeeleza pia kwamba fundi amekuambia Ubuntu imefutika, hivyo diski ifomatiwe na kila kitu kipigwe upya. Nakuomba usikubali bado. Kwa dalili ulizozitaja, uwezekano mkubwa ni kwamba Ubuntu yako ipo nzima pamoja na mafaili yako yote, na kilichobadilika ni zamu ya nani aitwe kwanza kompyuta inapowashwa.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Msimu mmoja wa korosho nilikuwa natunza kumbukumbu za chama cha msingi huko Tandahimba, yaani kilo za kila mkulima na malipo yake, zote zikiwa upande wa Ubuntu, ilhali Windows tuliiacha kwa ajili ya printa moja iliyokataa kufanya kazi kwingine. Sasisho lilipopita menyu ikatoweka, nami nikapanda gari kupitia Nanyamba hadi Mtwara mjini kutafuta fundi. Fundi yule, akiwa ndani ya Windows, alifungua orodha ya sehemu za diski, akanionyesha sehemu kubwa isiyo na jina wala herufi, akaniambia, "Kaka, humu hamna kitu, tupige Windows upya." Nusura nikubali. Ukweli ni kwamba Windows yenyewe haisomi mfumo wa faili wa ext4 ambao Ubuntu huutumia, kwa hiyo sehemu iliyojaa kumbukumbu za msimu mzima huonekana kwake kama kiwanja kitupu. Sehemu hiyo ikipewa herufi, Windows huweza hata kukuuliza kama unataka kuifomati ili itumike. Ukiulizwa hivyo, kataa. Hapa ndipo watu wengi wanapopotezea data zao, kwa sababu sasisho huwa halijafuta kitu, bali tiba ndiyo inayofuta.

Ili uelewe kilichotokea, fahamu kwamba kompyuta nyingi za miaka hii huwaka kwa utaratibu uitwao UEFI. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta kuna kumbukumbu ndogo ambayo haifutiki umeme ukikatika, na ndani yake imeandikwa orodha ya vianzishi, yaani programu za kuiwashia Windows au Ubuntu, pamoja na zamu yao. Vianzishi vyenyewe ni mafaili yanayokaa kwenye sehemu ndogo ya diski yenye mfumo wa FAT32, ambayo Windows kwa kawaida huitengea MB 100 tu, na humo utakuta folda ya Microsoft na kando yake folda ya ubuntu. Sasisho kubwa la Windows huweza kuiandika upya orodha ile na kujiweka la kwanza, na hapo GRUB, ambayo ndiyo programu inayochora menyu yako, haiitwi kabisa ingawa ipo palepale ilipokuwa jana.

Jaribio la kwanza halihitaji flashi wala bando. Ukiwa ndani ya Windows, fungua kitufe cha kuzimia, shikilia Shift kwenye kibodi, kisha bonyeza Restart. Utaletewa ukurasa wa buluu, na humo uchague Use a device. Ukiliona jina ubuntu kwenye orodha, lichague, na kwa kawaida menyu yako itarudi kwa safari hiyo. Njia nyingine ni kubonyeza mara kwa mara kitufe cha orodha ya kuwashia mara tu mashine inapoanza, ambacho kwenye HP nyingi ni F9 na kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12. Tumia Restart, usizime na kuwasha, kwa kuwa Windows yenye Fast Startup (mpangilio wa kuwaka haraka) haizimiki kikamilifu unapoizima, na kwenye baadhi ya mashine vitufe hivyo hupitwa haraka mno.

Ukishaingia Ubuntu, fungua Terminal, yaani dirisha la kuandikia amri, na uandike sudo efibootmgr. Utaona mstari wa BootOrder wenye namba zilizotenganishwa kwa mkato, na chini yake kila namba na jina lake. Tuseme ubuntu ni 0003 na Windows Boot Manager ni 0001: utaandika sudo efibootmgr -o 0003,0001, ukiongeza mwishoni namba nyingine zilizokuwamo, kisha uwashe upya. Mimi nilimalizia hapo. Kumbukumbu zote zilikuwapo hadi kilo ya mwisho, na safari ya mjini haikuwa na haja. Zipo mashine, hata hivyo, ambazo huirudisha Windows mbele kila zinapowaka, na hizo hazitibiki kwa amri hiyo. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao mkuu wa kompyuta, na uiweke ubuntu juu kwa mkono wako, ukijua kwamba kwenye baadhi ya HP orodha hiyo imejificha ndani ya kipengele cha OS Boot Manager.

Ikiwa hali yako ni ya kinyume, yaani Ubuntu inawaka lakini Windows haimo kwenye menyu, chanzo ni kingine. Tangu GRUB 2.06, iliyotolewa mwaka 2021, kazi ya kutafuta mifumo mingine imezimwa kwa chaguo-msingi kwa sababu za usalama. Fungua faili la /etc/default/grub, weka mstari wa GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, badilisha GRUB_TIMEOUT_STYLE iwe menu na GRUB_TIMEOUT iwe 10, hifadhi, kisha endesha sudo update-grub.

Kuna kisa cha tatu ambacho hakifanani na hivi viwili, nacho kiliwasumbua wengi baada ya masasisho ya Windows ya Agosti 2024. Ubuntu ilichaguliwa, lakini kabla ya menyu kioo kikaandika Security Policy Violation na mashine ikazima. Sasisho lile lilizuia vianzishi vya zamani vyenye udhaifu, na Microsoft ilieleza kuwa halikukusudiwa kufika kwenye kompyuta zenye mifumo miwili, ila baadhi hazikutambuliwa. Waliokumbwa walizima Secure Boot (ulinzi unaokagua vianzishi kabla ya kuviruhusu) kwenye BIOS, wakaingia Ubuntu, wakaendesha sudo mokutil --set-sbat-policy delete, wakawasha upya na kuingia Ubuntu tena, wakasasisha Ubuntu yao, ndipo wakairudisha Secure Boot. Kabla hujaigusa Secure Boot, hakikisha unao ufunguo wenye tarakimu 48 wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, ikiwa diski yako imefungwa kwalo, maana Windows huweza kuudai papo hapo, na asiyekuwa nao hubaki nje ya data zake mwenyewe.

Ikiwa jina ubuntu halimo kabisa kwenye orodha, bado usikate tamaa. Washa kompyuta kwa flashi iliyoandaliwa kusakinishia Ubuntu, uchague kuijaribu bila kuipiga, na uhakikishe imewaka kwa UEFI kwa kuandika ls /sys/firmware/efi. Folda hiyo isipokuwapo, umewaka kwa utaratibu wa zamani na marekebisho hayatashika. Kwa lsblk -f tafuta ile sehemu ndogo iliyoandikwa vfat, uifungue, na uangalie kama folda ya EFI/ubuntu ingalimo. Ikiwamo, inatosha kuiandikisha upya: sudo efibootmgr -c -d /dev/sda -p 1 -L ubuntu -l '\EFI\ubuntu\shimx64.efi', ukibadilisha jina la diski na namba ya sehemu kulingana na ulichokiona, kwa mfano /dev/nvme0n1 kwa diski mpya. Amri hii haigusi mafaili yako. Unapokuwa kwenye flashi, tumia nafasi hiyo kunakili nyaraka muhimu kwenye diski ya nje, na uifanye kazi yote betri ikiwa imejaa, kwani umeme wetu unaweza kukatika katikati.

Jaribu kwanza ile njia ya Shift na Restart. Kisha niandikie aina ya kompyuta yako, kama jina ubuntu limeonekana, na mistari yote inayotolewa na sudo efibootmgr ukiwamo ule wa BootOrder. Picha ya simu inatosha iwapo namba zinasomeka.