Ganzi usoni baada ya dozi ya antibiotiki

Pole sana ndugu. Unasema umemaliza dozi ya antibiotiki na sasa shavu na midomo vinakufa ganzi, mara unahisi kama unachomwa vijisindano, na unauliza kama ni dawa. Inawezekana, ila inategemea ulikunywa ipi. Angalia pakiti. Metronidazoli na siprofloksasini zinajulikana kudhuru neva, ingawa mara nyingi ganzi yake huanzia miguuni na mikononi, si usoni. Ukikuta mojawapo, mwambie daktari kabla hujaandikiwa tena.

Lakini kwanza simama mbele ya kioo. Tabasamu, nyanyua nyusi, fumba macho kwa nguvu. Mdomo ukienda upande, au ganzi ikiwa imekuja ghafla pamoja na mkono kulegea au maneno kukwama, acha kusoma hapa, nenda hospitali sasa hivi: huenda ni kiharusi. Hata ikiwa ni neva ya uso tu iliyovimba, tiba yake hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 72. Midomo ikivimba na pumzi kubana, huo ni mzio, nao ni dharura.

Kama hakuna hata kimoja, bado mwone daktari wiki hii, na pakiti mkononi. Muulize kuhusu kupima sukari na vitamini B12. Na kama dawa ilikuwa ya jino, rudi kwa daktari wa meno. Jino lenyewe au sindano ya ganzi huweza kusumbua neva, dawa ikasingiziwa bure.