Airisi za Bwawani: Kwanza Jua Ipi Inakaa Majini Mwaka Mzima

Hapa Uingereza, ukiingia duka la miche mwezi Mei utakuta airisi, mimea ya maua yenye majani marefu kama upanga, za kila aina zimebandikwa neno moja tu: za majini. Usinunue kwa kutazama kibandiko. Ipo airisi inayokaa majini mwaka mzima ikanawiri, na ipo itakayooza ukiiacha humo majira ya baridi.

Bwawa langu ni dogo, la nyuma ya nyumba, na kwa bwawa la namna hiyo naanza na Iris laevigata, yenye asili ya Asia ya Mashariki. Hiyo ndiyo ya majini kwelikweli. Kikapu ilimopandwa kikae maji yakifunika udongo kwa sentimita 5 hadi 15. Pima kuanzia usoni mwa udongo wa kikapu, maana ukipima kuanzia sakafu ya bwawa utaizamisha.

Iris ensata, ambayo Wajapani wameichagua na kuizalisha kwa karne nyingi, ina ua kubwa na bapa, zuri kupita kiasi. Lakini maji inayataka inapokua na kuchanua tu. Majani yakianza kunyauka, itoe uiweke penye unyevunyevu. Chokaa kwenye udongo au maji haipatani nayo kabisa.

Utazitofautishaje dukani kabla hazijachanua? Shika jani, pitisha kidole katikati yake, kuanzia chini hadi nchani. Jani la ensata lina mshipa ulioinuka, utausikia wazi. La laevigata ni laini moja kwa moja. Mimi silipi kabla ya kufanya hivyo.

Ile ya njano, Iris pseudacorus, ni ya asili hapa na hufika mita moja na nusu. Mwenye bwawa kubwa aifurahie. Kwenye bwawa dogo sikushauri: inatambaa, inabana mimea mingine, na mbegu zake huelea na kwenda kuota mbali. Mlioko Marekani angalieni sheria kwanza, kwani huko imevamia kingo za mito na baadhi ya majimbo, Washington likiwemo, yamekataza isiuzwe. Wa kaskazini mashariki wanayo Iris versicolor ya kwao, na wa kusini kwenye joto wana airisi za Louisiana.

Kupanda si kazi kubwa. Tumia kikapu chenye matundu na udongo mzito wa bustani, bila samadi wala mboji, kwa sababu rutuba ya ziada huishia majini ikalisha mwani. Shina lake nene, lililolala kama tangawizi, lifunike kidogo tu, kisha tandaza changarawe samaki wasichimbue.

Majani mabichi yaache yasimame. Lava wa kereng'ende hupanda juu yake kutoka majini ili wajivue gamba, na bwawa lisilo na pa kupandia huwanyima njia.

Kila baada ya miaka 3 au 4, maua yakishakwisha, ing'oe uigawe. Vaa glavu, utomvu wake huwasha, na shina ni sumu likiliwa, kwa hiyo watoto na mbwa wakae mbali. Katikati pamezeeka, patupe. Chukua vipande vya pembeni vyenye majani machanga, punguza majani kwa nusu ili upepo usiving'oe, upande siku hiyohiyo. Vinavyobaki mpe jirani mwenye bwawa, wala usivitupe mtoni.