Papa mkubwa kwenye boti ndogo: ya kujua kabla hamjatoka

Ukishika papa mkubwa ukiwa kwenye boti ya futi 21, cha kwanza kutazama si papa. Tazama ukingo wa tezi, yaani nyuma ya boti, umebakiza kiasi gani kufika majini. Mimi nililijua hilo mwaka wangu wa tatu katika kazi hii, maji yakiwa yameshanifika vifundoni. Nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kwenye boti za wageni huku Malindi na Watamu ili mlijue mkiwa bado nchi kavu.

Ilikuwa Desemba. Mvua za vuli zilikuwa zimeshusha udongo wa bara, na mlango wa Mto Sabaki ulikuwa mwekundu. Kaskazi ikivuma, maji yale husukumwa kuja upande wa mji, na pale yanapokutana na maji ya buluu unaona mstari kabisa. Papa huvizia kwenye mstari huo. Tulikuwa watu wanne: mimi usukanini, kijana wa kazi, mgeni na mkewe. Mshipi ulikuwa wa ratili 80, yaani kilo 36 hivi, waya wa mita tano, na chambo nusu ya jodari. Saa tisa alasiri rili, kile kigurudumu cha fimbo kinachokunja mshipi, ikaanza kulia, polepole.

Nasema polepole kwa sababu wengi hutarajia papa aondoke kwa vishindo. Anayekimbia hivyo ni nguru. Papa mkubwa, hasa yule mwenye milia ubavuni, huenda zake tu na mshipi unamfuata. Alikwenda hivyo dakika arobaini, kisha akazama moja kwa moja chini ya tezi yetu. Mgeni akauliza kama akaze breki ya rili, ile inayozuia mshipi usitoke. Nikamwambia kaza. Kijana wangu akasogea kumshikilia kiunoni, mkewe naye akaja nyuma kupiga picha. Mimi nikatia mashine rivasi ili mshipi usiingie chini ya boti. Wimbi likaingia kwa nyuma, wala halikuwa kubwa. La pili likaingia juu ya lile la kwanza. Mgeni amevaa mkanda wa mgongoni, mkanda umenaswa kwenye rili, rili imeshikana na papa. Hata kugeuka hawezi. Nikapiga kelele, "Kata!" Kijana akajibu, "Kisu kiko wapi, kapteni?"

Kisu kilikuwa ndani ya sanduku, chini ya ndoo ya chambo.

Alikipata, akakata, tezi ikainuka. Tukafua maji kwa ndoo mbili mpaka mikono ikafa ganzi. Papa mwenyewe hatukumwona hata pezi.

Usiku ule sikulala, nikapiga hesabu. Breki ilikuwa imekazwa kwa kilo 15, pengine kidogo zaidi. Papa awe na uzito wa kilo 400 au 800, kupitia mshipi ule hawezi kuivuta boti kwa nguvu inayozidi breki uliyomwekea; ikizidi, rili inatoa mshipi, au mshipi unakatika. Sasa jumlisha watu watatu waliosimama kona moja: wamepita kilo 200. Halafu maji: ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na lile wimbi la kwanza lilikuwa ndoo nyingi. Mashine nayo inarudi nyuma, inaisukuma tezi ndani ya mawimbi. Papa alichangia kidogo sana. Tulikuwa tukijizamisha wenyewe. Tangu siku hiyo kila ninachowafundisha vijana wangu kinatoka kwenye hesabu hiyo.

Kwa hiyo anza na watu. Mmoja anapigana na samaki, na kama kuna msaidizi wake, awe huyo mmoja tu. Wengine wakae, tena wakae chini, upande wa pili au omoni, yaani mbele ya boti. Mgeni anayetaka picha atapata picha, lakini si kwa kusimama kwenye ile kona. Mwambie hivyo asubuhi, mkiwa bado mnakunywa chai ufukweni, kwa adabu na kwa sauti ya kawaida. Ukisubiri mpaka papa ameshika, utalazimika kumfokea, na mgeni aliyefokewa hasikii anachoambiwa.

Pili, boti ndogo humfuata papa kwa omo. Mmeona picha za boti kubwa zikirudi nyuma kwa kasi, maji yakiruka juu ya tezi. Zile zina sitaha ndefu, zina matundu ya kutolea maji na mashine mbili. Sisi hatuna. Geuza boti mpaka mshipi utoke ubavuni au karibu na omo, kisha mwendee taratibu huku mgeni akikusanya mshipi. Akizama chini ya boti, fimbo ishushwe mpaka ncha yake iingie majini, mgeni azungukie omo, na wewe sogea mbele kidogo, mshipi utoke wazi. Hapo usukani ndio unaovua samaki. Mgeni akichoka, mwelekeze: inua fimbo kidogo, ishushe huku ukizungusha rili, mivuto mifupi mifupi. Na breki isiguswe. Ipimwe kwa mizani ya kuning'iniza kabla ya kutoka. Kwa mshipi wa kilo 36, mimi huweka kilo 10 hadi 12, basi. Tamaa ya kukaza huja dakika ya arobaini, wakati kila mtu amechoka, na wakati huo ndio mbaya zaidi kukaza.

Vijana hupenda kuniuliza rekodi. Alfred Dean alimtoa papa mweupe wa kilo 1,208 huko Ceduna, Australia Kusini, mwaka 1959, kwa fimbo na rili. Walter Maxwell alimpata papa mwenye milia wa kilo 807 mwaka 1964 huko South Carolina, Marekani. Ni kazi za watu hodari, nami naziheshimu. Lakini Maxwell alikuwa amesimama juu ya gati. Na papa mweupe siku hizi analindwa na sheria katika nchi kadhaa, Afrika Kusini ikiwa ya kwanza mwaka 1991. Rekodi zina masharti yake pia: mtu mwingine akigusa fimbo, samaki hahesabiwi. Mgeni akikuambia usiiguse fimbo yake, mheshimu, mpaka pale utakapoona usalama wa watu unaguswa. Kuanzia hapo fimbo ni ya kapteni.

Sasa waya. Hapa ndipo mikono inapoharibika, nami nimeona kidole kikienda. Papa akifika juu, utaushika waya kwa glavu nene, na usiuzungushe mkononi hata mara moja. Ushike ili ukifungua vidole uondoke wenyewe. Waya uliokwisha kuvuta utupe nje, majini, usiache ukijikunja miguuni pako. Papa hana mifupa migumu kama ya nguru, mwili wake ni gegedu, anajikunja mpaka meno yakafika karibu na mkia. Ukidhani uko nyuma yake salama, hauko. Ngozi nayo ni msasa mtupu. Ndiyo maana waya unakuwa mrefu, kwa sababu mshipi wa nailoni ukisuguana na ubavu wake haudumu.

Na usimfunge kamba ya mkia kisha ukaifunga kwenye boti. Breki ikiwa kilo 12, papa anavuta kilo 12. Kamba iliyofungwa haina breki, na hapo uzito wake wote unakuwa wako. Babu yangu alivua papa maisha yake yote kwa jarife, wavu wa papa, na kwa mshipi wa mkono, ini likapikwa likatoka sifa, yaani mafuta ya kupaka mashua, nyama ikatiwa chumvi. Mshipi wake mkubwa aliufunga kwenye boya. Papa aende na boya mpaka achoke, mashua imfuate kwa mbali. Wazee wale hawakuwa na mizani, lakini hesabu hii walikuwa nayo.

Sisi hatumpandishi papa botini, wala hatumtii kulabu. Anabaki majini, boti ikisogea mbele polepole ili maji yapite kwenye matamvua yake, tunakata waya karibu kabisa na ndoana kwa mkasi wenye mikono mirefu, anaondoka. Tumieni ndoana ya duara ya chuma kinachoshika kutu. Hukamata pembeni mwa mdomo, na ikibaki huliwa na kutu. Kuhusu pingusi, yule wa kichwa cha nyundo, nawaomba kwa moyo wangu wote: mkimtambua, kateni mapema. Yeye hupigana mpaka damu yake inaharibika kwa uchovu, na ukimwachia akiwa anaogelea bado anaweza kufa baadaye huko chini. Biashara yake kati ya nchi na nchi iliwekewa masharti ya kimataifa tangu mwaka 2014, kwa sababu wamepungua. Nilipokuwa mdogo niliwaona wakianikwa Shela kwa safu. Siku hizi unaweza kumaliza msimu bila kumwona mmoja.

Muda nao uwekeeni mpaka. Mimi humpa mgeni saa moja. Ikipita nakata, awe amelipa kiasi gani. Saa moja ya kukokotwa na papa, pamoja na mkondo unaokwenda kaskazini, inakupeleka mbali kuliko unavyodhani, na kaskazi ya alasiri hukaza upepo. Mlango wa mwamba pale Watamu hauingiliki vizuri maji yakiwa yamekupwa, wala gizani. Theluthi ya mafuta isiguswe kabla ya kugeuza. Papa akishika tu, ita kwenye redio, chaneli 16, sema mko wapi na mko wangapi. Majaketi yavaliwe, yasikaliwe.

Kisu changu sasa kimefungwa kwenye ala, ubavuni mwa kiti cha usukani, urefu wa kiuno, na cha pili kiko omoni. Kila asubuhi, kabla ya kung'oa nanga, namwambia kila aliyemo, mgeni pia, afumbe macho na akiguse. Wengine hushangaa. Kisha tunatoka.