Maswali na Majibu: Kwenda Kazini kwa Miguu au kwa Baiskeli

Swali: Ninaishi Mikindani na kazi yangu iko Mtwara mjini, mwendo wa kilomita kama kumi. Nina miaka 48. Je, nikiacha daladala na kupanda baiskeli sitaumia?

Jibu: Ikiwa huna maradhi ya moyo wala kifua hakikubani unapopanda mlima, safari hiyo utaiweza, ila usiianze kwa siku tano mfululizo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, yaani ile inayokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Na kwa kuwa kilomita kumi kwa mwendo wa utulivu huchukua takriban dakika 40, siku mbili za kwenda na kurudi zinakufikisha hapo. Zaidi ya umbali, chunga siti iliyoshushwa mno. Keti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, na mguu usiponyooka, pandisha siti kabla magoti hayajaanza kuuma.

Swali: Mimi ni mama muuza samaki, nina kisukari na ninachoma insulini. Naweza kutembea kutoka Mtanda hadi sokoni, hapa Lindi?

Jibu: Unaweza, mama, na ninakusihi utembee, kwa sababu misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale mwili unapoitikia insulini kwa shida. Hata hivyo, sindano na mwendo vikikutana, sukari huweza kushuka kupita kiasi, nawe ukaona mikono inatetemeka, jasho linakutoka na njaa inakushika ghafla. Usiondoke bila kula, beba sukari au soda ya kawaida uitumie dalili zikianza tu, na kabla ya yote zungumza na kliniki yako kuhusu dozi. Kandambili ziache nyumbani. Kisukari huweza kuzifisha ganzi nyayo, hata mtu akashinda na mwiba mguuni asijue. Kwa hiyo vaa viatu vilivyofunika vidole, kagua nyayo kila usiku, na kidonda, hata kikiwa kidogo, kiwahishe hospitali.

Swali: Kazini kwangu ni dakika saba tu kwa miguu. Zina faida?

Jibu: Zina faida. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 uliondoa sharti la dakika kumi mfululizo, hivyo kila hatua inahesabika.

Swali: Barabara yetu haina njia ya waenda kwa miguu. Nipite upande gani?

Jibu: Tembea kulia, ukiyakabili magari yanayokuja, mwenye baiskeli abaki kushoto, na giza likiingia awe na taa.